SOMO LA UFUGAJI: KAMBA WADOGO KATIKA TANGI LA NJE



Baadhi yenu mmetuuliza kama mtu anaweza kufuga kamba nyumbani, mahali ambapo hakuna bwawa la samaki wala mto wa karibu. Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Lakini si kamba wa kila aina, na faida yake si ile ambayo wauzaji wengine wanaahidi. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kutengeneza tangi, kutayarisha maji, kupata mbegu na kuwatunza kamba mpaka wazaliane. Pia tutaeleza kosa kubwa tulilofanya sisi wenyewe, ili nyinyi msilirudie.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hatusemi kamba ya kufungia ng'ombe. Tunasema yule mnyama mdogo wa majini mwenye ganda laini, miguu mingi na masharubu marefu. Watu wa pwani humwita kamba akiwa mkubwa, na wale wadogo sana huwaita uduvi. Kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya yuko mdogo anayejulikana kama ochonga. Wavuvi wa omena wanamjua sana kwa sababu huingia kwenye nyavu zao usiku pamoja na omena. Huyu ochonga ndiye mwanafunzi wetu wa leo.

1. KAMBA WAWILI WASICHANGANYWE

Kuna kamba mkubwa wa mito ya Asia ambaye wataalamu humwita Macrobrachium rosenbergii. Huyu ndiye anayeonekana kwenye picha za wauzaji, mnene, mwenye makucha marefu ya buluu. Anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, na kwa hiyo watu hufikiri anaweza kuzaliana humo. Hapana. Jike hubeba mayai yake akiwa mtoni, lakini watoto wakianguliwa wanahitaji maji yenye chumvi kiasi, kama yale ya mahali mto unapokutana na bahari. Wakikosa chumvi hiyo hufa baada ya siku chache. Jambo hili lilifahamika vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati mtaalamu S. W. Ling alipokuwa akifanya utafiti huko Malaysia. Kabla ya hapo watu walijaribu na watoto walikuwa wakiwafia bila kujua sababu.

Mfano mwingine uko hapa Afrika. Katika Mto Senegal kulikuwa na kamba wakubwa wa asili ambao nao walitelemka kuelekea maji ya chumvi ili kuzaa. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986, njia yao ilifungwa na maji ya chumvi yakazuiwa. Kamba wakapungua sana. Na kwa kuwa kamba hao walikuwa wakila konokono wanaobeba kichocho, konokono waliongezeka na ugonjwa ukaenea vijijini. Miaka ya baadaye watafiti walirudisha kamba kwenye sehemu ya maji ya kijiji kimoja, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 yalionyesha kwamba konokono walipungua na maambukizi pia yalipungua. Basi mtu asidharau kamba. Lakini pia asisahau kwamba kila aina ina njia yake ya kuzaa.

Ochonga, ambaye jina lake la kitaalamu ni Caridina nilotica, ni tofauti. Ziwa Victoria halina chumvi, na huyu huzaliwa, hukua na kuzaa humo humo. Kwa hiyo tangi la maji ya kawaida linamtosha. Ni mdogo, sentimita mbili hivi au zaidi kidogo akiwa mzima. Hula ukungu wa kijani unaoota kwenye mawe, majani yaliyooza na uchafu laini wa chini. Baada ya mbuta kuongezeka sana ziwani katika miaka ya 1980 na fulu kupungua, ochonga naye aliongezeka, akawa chakula kikubwa cha mbuta wachanga.

2. HESABU KWANZA

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba lazima aketi kwanza apige hesabu kama anazo mali za kumaliza. Na sisi tuketi.

Kamba wadogo 100 waliokomaa wana uzito wa gramu 10 hivi, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo kamba 1,000 ni kama gramu 100. Ukiwakausha, maji yanatoka na unabaki na kama robo tu ya uzito huo. Sasa fikiria gorogoro moja ya omena wakavu unayonunua sokoni. Ili ujaze gorogoro hiyo kwa ochonga kutoka tangi lako, utahitaji zaidi ya kamba elfu kumi. Tangi moja halitakupa hao kwa mwezi. Basi tuseme wazi: tangi hili halitaondoa omena mezani kwako, wala halitalipa karo.

Linafaa kwa nini? Linafaa kwa mambo matatu. Kwanza, ni chakula hai cha vifaranga vya samaki na nyongeza ndogo ya lishe kwa vifaranga vya kuku. Ochonga ana protini nyingi, na wataalamu hapa Kenya wamejaribu unga wake badala ya unga wa samaki katika chakula cha ngege. Pili, ni mbegu ya kumgawia jirani mwenye bwawa au tangi. Tatu, ni shule. Vijana wakitunza tangi hili kwa miezi sita watajua juu ya maji, hewa, sumu na uzazi kuliko vile tungewafundisha ubaoni.

Tunasema hivi kwa sababu kikundi kimoja tunachokijua kilikuwa tayari kutoa pesa zote za chama, zile za mzunguko wa akina mama, ili kununua jozi za "kamba wakubwa wa kuzalisha" kutoka kwa mtu aliyepita na picha. Mama mmoja mzee akasimama akasema, "Mwanangu, kabla hatujahesabu pesa, tuambie hao watoto watazaliwa kwenye maji gani." Yule kijana hakuwa na jibu. Pesa zikabaki kwenye sanduku. Ndugu msomaji, mtu akikuletea mbegu ya kamba, muulize maswali matatu: Ni aina gani? Watoto wake wanahitaji chumvi? Nani atanunua nikivuna, na kwa kipimo gani? Asiyejua kujibu, mpe maji ya kunywa na umwage kwaheri.

3. TANGI

Tangi zuri ni pana kuliko kwenda chini, kwa sababu hewa huingia kwa juu. Sisi tulitumia tangi la duara la saruji lenye upana wa sentimita 150, na maji ya kina cha sentimita 70. Ili kujua lita, chukua nusu ya upana kwa mita, ambayo ni 0.75, izidishe kwa yenyewe, halafu kwa 3.14, halafu kwa kina, 0.7. Unapata 1.24 hivi, yaani lita 1,240. Hiyo ni mitungi 62 ya lita ishirini. Mkifikiria kuchota kwa kichwa kutoka mbali, fikirieni tena. Afadhali kukinga maji ya mvua.

Tangi la plastiki lililokatwa juu linafaa pia. Pipa lililowahi kubeba dawa ya shamba, mafuta au rangi halifai hata ukiliosha mara kumi. Mabomba na vipande vya shaba visiguse maji haya, kwa kuwa shaba huua kamba hata ikiwa kidogo sana. Mabati na waya wenye zinki pia tuviepuke.

Tangi jipya la saruji lina ukali. Lijaze maji, liache siku tatu au nne, yamwage, ulisugue kwa brashi bila sabuni, ujaze tena. Rudia hivyo kwa majuma matatu au manne. Sisi tuliona ni kupoteza maji, tukayamwagia migomba, na migomba haikulalamika.

Weka tangi mahali penye kivuli cha nusu siku. Jua la asubuhi ni zuri kwa sababu linaotesha ukungu wa kijani, lakini jua la saa nane mchana litapika maji. Ukiweza, lichimbie chini mpaka nusu, udongo utayapoza. Toboa tundu la kumwagia maji ya ziada sentimita kumi kutoka ukingo, ulifunge kwa kitambaa chenye matundu madogo, la sivyo mvua kubwa itawabeba watoto wote wa kamba mpaka kwenye mtaro.

Jambo la lazima: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yanayofika magotini tu. Ukingo uwe juu kiasi cha kiuno cha mtu mzima au uwe na ua imara. Kama hamwezi kuweka ua, msiweke tangi.

4. MAJI

Maji ya mvua ni mazuri lakini hayana madini ya kujengea ganda. Ponda maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa, weka viganja viwili kwenye tangi la kiasi hiki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ipite, maana inaosha vumbi na uchafu wa paa. Maji ya mfereji yana klorini. Yaache wazi siku mbili au tatu kabla ya kuweka kamba.

Kisha tia rutuba. Chukua samadi kavu ya ng'ombe kama gramu 100, ambayo ni kiganja kimoja au viwili, uifunge kwenye kigunia na kukining'iniza ndani ya maji. Hakikisha ng'ombe huyo hakuoshwa dawa ya kupe siku za karibuni. Baada ya juma moja au mawili maji yatakuwa na rangi ya kijani hafifu. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama unaona kiganja chako kwa shida kidogo, ni sawa. Kama hukioni kabisa, rutuba imezidi: toa kigunia, punguza maji na uongeze mengine masafi. Kijani hiki ni chakula cha watoto wa kamba, kwa sababu wakianguliwa ni wadogo kama vumbi na hawawezi kuuma kitu kikubwa.

Mwisho weka maficho. Kamba akibambua ganda lake la zamani ili akue, huwa laini kwa muda na wenzake wanaweza kumla. Mpe majani makavu ya mgomba, fito nyembamba zilizofungwa pamoja na mawe machache. Ukiona ganda tupu linaelea, usilie. Huyo hajafa, amebadilisha nguo.

5. KUPATA MBEGU

Tunahitaji kamba 60 mpaka 100 kwa tangi la namna hii. Nenda kwanza kwa afisa wa samaki wa kaunti, umweleze unalotaka kufanya, naye atakwambia taratibu za mahali penu. Halafu zungumza na wavuvi wa pwani yenu ya ziwa. Kamba waliokaa kwenye jua ndani ya mtumbwi hawafai, hata kama bado wanaruka. Wanaofaa ni wale waliochotwa asubuhi na mapema kwa chujio laini kutoka penye majani ya majini, na kutiwa moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya ziwa.

Hapo penye majani ndipo pia konokono wa kichocho wanapokaa. Msiingie miguu mitupu. Vaeni gamboti na glavu ndefu, au mchote mkiwa ndani ya mtumbwi. Mkifika nyumbani mwageni mbegu kwenye karai jeupe na mtoe konokono mmoja mmoja, pamoja na samaki wadogo na wadudu wote. Konokono aliyekwisha ambukizwa anaweza kuendelea kutoa vimelea kwa muda mrefu, na hatutaki kuleta kichocho mlangoni. Vilevile msilete hata jani moja la gugu maji. Tunajua lilivyotutesa tangu lilipoingia ziwani kwenye miaka ya karibu na 1990.

Usiwamwage kamba ghafla. Weka ndoo kivulini kando ya tangi na uongeze kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano, kwa muda wa saa nzima. Mabadiliko ya haraka huwaua, nao hufa kesho yake, wakati wewe umekwisha sema kazi imekwenda vizuri.

6. LISHE NA UZAZI

Kosa la wengi ni huruma nyingi. Kamba 80 kwenye lita 1,240 hawahitaji kulishwa kila siku. Chakula chao kikubwa kimo ndani. Mara mbili kwa juma, jioni, wape jani moja la sukuma wiki lililochemshwa, ambalo halikupuliziwa dawa, au pumba kidogo ya mahindi inayoshikwa kwa vidole vitatu. Kilichobaki asubuhi kitoe. Chakula kinachooza hula hewa ya majini.

Baada ya majuma kadhaa angalia majike kwa tochi usiku. Utaona rundo la mayai limebebwa chini ya tumbo, kati ya miguu ya kuogelea, naye akiyapepea bila kupumzika. Hukaa nayo hivyo kwa majuma machache, kutegemea joto la maji. Wakati huu usibadilishe maji mengi. Watoto wakianguliwa huelea kwenye maji ya kijani. Utawaona kama vipande vidogo vya uzi vinavyorukaruka. Wakifika kama siku arobaini tunawahesabu kuwa wameingia utu uzima. Hivyo, kuanzia siku ya kuweka mbegu mpaka kuona kizazi cha pili kimejaa, hesabu miezi mitatu.

Kila juma toa sehemu moja kati ya kumi ya maji na ujaze mengine yaliyotulia. Maji yanayotoka yapeleke bustanini.

7. KOSA LETU LA NETI

Sasa tunafika pale tulipoanguka.

Maji yaliyosimama huzaa mbu. Tulijua hivyo, na tulikuwa tumeahidi majirani kwamba mradi wa kanisa hautaleta malaria. Mwezi wa pili, majike mengi yakiwa na mayai, tukaona viluwiluwi vya mbu vikicheza juu ya maji. Ikaamuliwa tufunike tangi upesi. Mmoja wa akina mama wetu akaleta neti kutoka nyumbani kwake. Kijana wa kikundi akamuuliza, "Mama, hii si ilikuwa kitandani?" Naye akajibu, "Ni ya mjukuu wangu, lakini ina tundu moja. Kazi ya Bwana kwanza, nitapata nyingine." Sote tukampigia makofi. Tukaifunga vizuri, na kwa kuwa ilikuwa kubwa, pembe zake zikaning'inia majini.

Asubuhi askari alituita. Kamba wote walikuwa wamelala chini ya tangi, wamegeuka weupe na wekundu. Majike na mayai yao pia. Siku ile tulimshuku jirani mmoja ambaye hakupenda mradi, na wengine walianza kumsema kwa jina. Tulikosea mara ya pili. Hakuna aliyetia kitu. Sumu tulikuwa tumeifunga wenyewe kwa mikono yetu na kuipigia makofi.

Neti za kuzuia malaria zimetiwa dawa tangu kiwandani. Dawa hizo zilitengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, ambalo wakulima wa Kenya wanalijua. Mtu hazimdhuru akilala ndani ya neti, ndiyo maana tunahimizwa kuzitumia. Lakini mbu na kamba ni watu wa ukoo mmoja: wote wana ganda kwa nje, miguu yenye viungo na hubambua ganda wakikua. Kinachomuua mbu humuua kamba pia, na kwa kiasi kidogo mno. Neti ikiwa nzee au imefuliwa mara nyingi bado ina dawa. Huko Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes humtumia huyu huyu Caridina nilotica kupima sumu katika maji, na walipojaribu dawa ya kuua magugu ya Roundup waliona kwamba watoto wachanga wa kamba ndio waliodhurika upesi kuliko wakubwa.

Na lile la kamba si ndilo lililotuumiza zaidi. Yule mjukuu alilala bila neti kwa majuma mawili, maana hakuna aliyekumbuka kumtafutia nyingine. Akapata homa. Alipopimwa akakutwa na malaria. Alipona, tunamshukuru Mungu. Hatuwezi kusema ni usiku gani mbu alimuuma, lakini tulijua neti yake ilikuwa wapi. Mwenyekiti wetu alikwenda kwa yule mama akaomba msamaha kwa niaba yetu sote, kisha tukaenda kwa jirani tuliyemshuku tukaomba tena. Alicheka, akatupa kiti.

Basi shikeni hivi: neti ya kitanda ni ya kitanda. Ya tangi nunueni kitambaa cha matundu madogo kisicho na dawa yoyote, kile cha nailoni cha kutengenezea machujio. Kioshe kwa maji matupu. Kifungwe kwa mpira kuzunguka ukingo mzima, bila nafasi hata ya kidole. Kitazuia mbu, na pia kereng'ende, ambaye watoto wake wa majini hula kamba wadogo kwa pupa. Mkikuta viluwiluwi vya mbu tayari vimo, vichoteni kwa chujio kila siku mpaka viishe, kwa sababu vikiachwa juma moja au mawili vitaruka.

Dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza isitumike karibu na tangi. Aliyenyunyizia nyanya dawa asitumbukize mkono majini mpaka aoge kwa sabuni, asuuze sana na kubadili nguo. Na kama sumu kidogo namna hii inaua kamba, tufikirie juu ya wale waliovulia samaki kwa dawa za shamba ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu hiyo, na wavuvi wengi wasio na hatia wakalala njaa kwa ajili ya makosa ya wachache.

8. DALILI NA LA KUFANYA

Kamba wote wamepanda juu alfajiri: hewa imepungua majini. Acha kulisha, toa theluthi ya maji, ongeza mengine ukiyamimina kutoka juu kwa kimo cha kichwa ili yachukue hewa.

Maji yananuka kama yai bovu: chakula au majani yameoza chini. Toa uchafu kwa mpira wa kunyonya maji, polepole.

Kamba wanarukaruka ovyo kisha wanalala ubavu: huenda ni sumu. Wahamishe upesi kwenye ndoo ya maji masafi uliyoyaweka akiba. Chunguza nani alipulizia nini.

Kamba wanakufa wakati wa kubambua ganda: madini yamepungua. Ongeza maganda ya mayai.

Majike wapo lakini watoto hawaonekani: angalia kama kuna samaki mdogo au mtoto wa kereng'ende. Samaki mmoja mdogo anatosha kumaliza kizazi.

9. KUVUNA

Usivune kabla ya mwezi wa nne. Tumia chujio pana, usiku kwa tochi au asubuhi na mapema. Mrudishe kila jike mwenye mayai. Usichukue zaidi ya robo ya wale wakubwa kwa mwezi mmoja. Wa vifaranga vya kuku uwachemshe au uwakaange bila chumvi, uwakaushe kwenye chanja safi, uwasage na kuchanganya kidogo tu katika chakula chao cha kawaida. Wa vifaranga vya samaki wanaweza kupewa wakiwa hai.

Ziada usiimwage mtoni. Hata kama kamba wako ni wa kienyeji, usiwahamishe kutoka maji haya kwenda maji mengine. Kamba wa aina ya Marekani aliyeletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 aliongezeka mpaka mimea mingi ya majini ikaliwa, na mayungiyungi yaliyopendeza ziwani yakapotea. Aliyemleta alikuwa na nia njema.

Kila tangi liwe na daftari. Andika tarehe ya kuweka mbegu, idadi, siku uliyoona mayai, siku ya kubadilisha maji na waliokufa. Sisi tulianza tena na kamba 70. Daftari letu linaonyesha kwamba siku ya 38 tuliona jike wa kwanza mwenye mayai, na siku ya 101 tuliacha kuhesabu watoto maana walikuwa wengi. Tangi sasa lina kitambaa cha nailoni, na mjukuu ana neti mpya isiyo na tundu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kamba mkubwa wa Asia hawezi kuzaliana katika tangi la maji yasiyo na chumvi?
2. Tangi lenu lina upana wa sentimita 120 na kina cha maji cha sentimita 60. Litachukua lita ngapi?
3. Kitu gani nyumbani kwenu kinaweza kuingiza sumu katika maji bila nyinyi kujua?
4. Mradi wetu ulichukua kitu cha mtoto ili ufaulu. Je, kuna mradi katika kanisa au kijiji chenu unaofanya hivyo? Mtaurekebisha namna gani?

Jaribuni, na mkikwama mtuandikie. Mkifaulu pia mtuandikie, na mjirani wenu mgawieni mbegu. Mungu awabariki.